Mwanafunzi wa Kimarekani anafikia kwetu Sinza Jumamosi, jioni ya kwanza tuipange vipi?

MamaWatatu

Wakuu, habari za jioni.

Tumekubali kumpokea mwanafunzi anayekuja kusoma Kiswahili Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kwa wiki nane, Juni hii hadi Agosti. Binti wa miaka 20, anatoka Chicago, hajawahi kufika Afrika. Ndege inatua Jumamosi saa 9:30 alasiri. Chumba atakuwa nacho peke yake. Choo na bafu viko ndani ila tunatumia wote, maji ni ya simtanki, hita hatuna, na wa kuongea naye Kiingereza ni kijana wetu wa kidato cha nne tu.

Swali langu ni la hiyo jioni moja. Baba watoto anataka pilau, kuku wawili, majirani na wajomba kutoka Mbagala. Mimi naona mtoto wa watu atakuwa hoi. Bibi yao naye anasema mgeni halali na njaa kwenye nyumba yake. Naomba wanaoijua hii kazi waniambie jioni inakwendaje, kuanzia uwanja wa ndege mpaka taa zinazimwa, na ni nini huwa kinaharibika. Nina siku nne za kujiandaa.

Mpokezi_Makongo

Dada, anza na saa, maana mengi ya jioni hiyo yanatoka humo. Mwezi Juni Chicago wako nyuma yetu kwa saa nane. Ndege ikigusa ardhi saa 9:30 alasiri, mwili wake unasoma saa 1:30 asubuhi, na usiku uliotangulia ameulalia kwenye kiti. Mkifika nyumbani jua linazama atakuwa anasinzia amesimama. Halafu saa nane usiku macho yatafunguka yenyewe, kwa sababu kwao ndiyo saa kumi na mbili jioni na tumbo lao limezoea kula saa hizo. Ukishajua haya mawili, usingizi wa jioni na njaa ya usiku wa manane, ratiba inajipanga.

Kosa linalofanyika nyumba nyingi ni huruma. Mgeni anaambiwa "jinyooshe kidogo" saa kumi na mbili, analala kama gogo, anaamka saa tano usiku mzima kabisa, na siku tatu zinazofuata anaishi kinyume na nyumba. Lengo lenu ni alale kati ya saa tatu na saa nne usiku. Mwanga wa jua ndio unaosogeza saa ya mwili, na Juni jua la Dar linazama saa 12:15 hivi, kwa hiyo mwanga mwingi ataupata njiani. Mkiwahi kufika, mkalisheni barazani, si sebuleni kwenye kochi. Akishindwa kabisa kuvumilia, dakika 20, na awepo mtu wa kumwamsha. Usiku asipewe kahawa wala chai kali ya majani. Mchaichai unatosha.

Pilau iende Jumapili mchana, na wajomba wa Mbagala waje hiyo Jumapili. Simkatalii baba watoto sherehe, ila mtu aliyetoka safarini hawezi kushika majina 14 kwa jioni moja, tena kwa lugha anayokuja kujifunza. Atatabasamu tu mpaka mashavu yaume, na kesho hatamkumbuka hata mmoja. Jumamosi wawe wa nyumbani tu.

Chakula cha usiku kiwe saa moja na nusu, kidogo, cha moto, kimetoka jikoni wakati huohuo: wali mweupe, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga, ndizi mbivu au papai linalomenywa mbele yake. Pilipili ikae pembeni. Kachumbari na juisi yenye barafu ziache kwa siku za mwanzo. Si kwamba jiko lenu ni chafu, ila tumbo geni likikutana na kibichi kilichooshwa kwa maji ya bomba, kesho yake mnaanza kutafuta dawa, na lawama inaenda kwa samaki ambaye hana kosa.

Kabla hujaenda sokoni, muulizeni leo kwa WhatsApp asichokula. Hapa Kiswahili chetu kina mtego. Kwetu ukisema "nyama", wengi wanaelewa ng'ombe au mbuzi. Mgeni akiandika "sili nyama", mpishi anamwekea kuku kwa moyo mweupe kabisa. Tajeni kimoja kimoja: ng'ombe, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, karanga. Dagaa hujificha kwenye mboga za majani, karanga kwenye mchicha na kisamvu. Mzio wa karanga si mambo ya kuchagua chakula, unaua, kwa hiyo hilo la karanga liulizwe hata kama amejibu "nakula kila kitu".

Sasa la Bibi. Mwambie mgeni hatalala na njaa kwa sababu anaandaliwa milo miwili: wa mezani, na wa kwenye sinia chumbani. Ndizi mbili, mkate au biskuti, chupa ya maji iliyofungwa, chupa ya chai yenye maji ya moto na kikombe, vyote vimefunikwa kwa sababu ya sisimizi. Akiamka saa nane usiku anakula palepale. Bila sinia atafanya moja kati ya mawili: akae na njaa akitazama dari hadi asubuhi, au atoke kutafuta jikoni gizani na kuwaamsha mbwa wa mtaa mzima.

Kijana_Kinondoni

Mpelekeni Coco Beach usiku huohuo akale mihogo, ndo atajua kafika Dar 😂

Mpokezi_Makongo

Jumamosi inayofuata, mkuu. Mihogo haiendi popote.

Dereva_Kipawa

Mimi niseme ya uwanja wa ndege, maana hapo ndipo jioni nyingi zinapoharibikia.

Kutua saa 9:30 si kutoka saa 9:30. Kuna uhamiaji, alama za vidole, mabegi, forodha. Jengo la Tatu wekeni saa moja hadi mbili tangu gurudumu liguse lami. Mkifika saa 10:15 mmewahi vya kutosha, hakuna sababu ya kulipia maegesho tangu saa nane.

Picha ya atakayempokea, aina ya gari na namba yake, atumiwe kabla hajapanda ndege kwao, maana akitua simu yake inaweza isishike mtandao wowote. Na mkubaliane mahali pa kusimama kama simu haziongei: nje ya mlango wa wanaowasili, asisogee kwenda popote, hata akiambiwa mwenyeji wake yuko kule kwenye maegesho. Bango lenye jina lake peke yake halitoshi, kwa sababu linasomwa na kila mtu na yeyote anaweza kumwita kwa jina hilo. Wekeni neno moja la kukubaliana, tuseme "mchaichai". Asiyelijua hakutumwa na ninyi. Begi lake asukume mwenyewe mpaka awaone.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, asitoke nje kwanza. Aende dawati la shirika lake humohumo kwenye ukumbi wa mabegi, ijazwe taarifa, apewe karatasi yenye namba ya kumbukumbu. Akishavuka mlango, kurudi ndani ni shughuli. Pale ataulizwa anwani, na hapo wageni wengi hukwama kwa sababu wanajua "Sinza" tu. Mwandikieni mapema jina la mtaa, kata, namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao cha anwani ya makazi, na namba mbili za simu ambazo zote hupokelewa. Aichape au aipige picha. Kwa tahadhari hiyohiyo, aweke kwenye begi la mkononi dawa zake, nguo moja ya kubadili na chaja.

Mengine ya haraka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, asifungashe viatu kwenye mifuko ya madukani kwao. Vile vifuko vya zipu vya sabuni na mafuta havina shida. Kama anaunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi na anakaa pale zaidi ya saa 12, awe na cheti cha homa ya manjano. Na kabla hajaondoka dirisha la uhamiaji, asome muhuri aliogongewa na aupige picha. Chuo kitamuongoza kuhusu kibali cha mwanafunzi, lakini kosa la tarehe ni rahisi kurekebisha akiwa bado amesimama pale.

Njia: msipitie mjini. Barabara ya Nyerere hadi TAZARA, msipande daraja la Mfugale, kaeni chini mkate kushoto Mandela, Buguruni, Tabata, Ubungo, halafu Shekilango mpaka Sinza. Ni kama kilomita 20. Jumamosi jioni inaweza kuwa dakika 45, inaweza kuwa saa moja na nusu, kwa hiyo aende msalani uwanjani kabla ya kupanda gari. Kwenye foleni simu isishikwe dirishani. Mwambieni hilo kabla ya Buguruni, maana ndiyo kwanza atakuwa anapiga picha.

MzeeKigogo

Nunueni dozi ya mseto mumpe siku hiyohiyo kama kinga. Wazungu damu yao haijazoea.

Nesi_wa_Zamu

Mzee wangu, shikamoo, lakini hilo hapana. Dawa ya mseto ni ya kutibu malaria iliyopimwa ikaonekana. Si kinga, na mgeni asimeze dawa ya mtu mwingine yeyote.

Wanafunzi wa Marekani kwa kawaida huja na dawa ya kinga waliyoandikiwa na daktari wao. Kazi ya mwenyeji ni kuuliza swali moja mezani: "Una dawa ya kumeza leo?" Mezani, narudia. Ile ya Malarone humezwa kila siku pamoja na chakula au kinywaji chenye maziwa, kwa sababu bila mafuta kidogo haiingii mwilini inavyotakiwa. Doksisaiklini inataka glasi nzima ya maji na mtu awe amekaa wima, asilale hapohapo, kwani kidonge kikikwama kwenye umio kinachoma. Mtu aliyechoka hufanya kinyume: anakikumbuka akiwa ameshajifunika shuka, anakimeza na funda moja. Pia saa za hapa na za kwao zimepishana, anaweza kuruka dozi bila kujua. Kimezwe na chakula cha usiku, basi saa ya kumeza inakuwa hiyohiyo hadi mwisho wa safari.

Homa ikimpata usiku huo wa kwanza, msiseme ni malaria ya Sinza. Tangu mbu aume hadi homa ianze ni siku 7 angalau. Homa ya usiku wa kwanza amekuja nayo, na ikiwa kali au inaambatana na kutapika na shingo kukakamaa, nendeni hospitali usiku huohuo. Baada ya wiki ya kwanza ndipo kila homa ipimwe malaria siku ileile.

Neti: kama umenunua mpya yenye dawa, itoe kwenye pakiti leo, uitundike kivulini saa 24 kabla mtu hajalala ndani yake, la sivyo ile dawa mpya inawasha macho na ngozi. Iwe kubwa kuliko kitanda. Ikibana na kugusa mkono au mguu, mbu anauma kwa nje kama vile neti haipo. Ichomeke chini ya godoro pande zote kabla ya magharibi, halafu angalia ndani kwa tochi. Neti iliyofungiwa mbu ndani ni mbaya kuliko kutokuwa na neti. Mwoneshe kuingia: unainua upande mmoja tu, unaingia, unachomeka tena kutoka ndani. Wengi hawajawahi kulala kwenye neti maisha yao yote, wataiacha inaning'inia kama pambo. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, wa dengue huuma mchana hadi machweo, kwa hiyo huko barazani mnakomkalisha ajipake dawa yake ya mbu mapema na avae suruali ndefu.

Maji ya kunywa yachemke mapovu makubwa dakika moja nzima, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Au nunua ya chupa, ufunguzi wake usikike mbele yake. Maji hayohayo ndiyo ya kupigia mswaki, weka jagi na kikombe bafuni. Hilo la mswaki ndilo linalosahaulika. Na weka pakiti mbili za ORS ndani (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji mtu akiharisha), pakiti ya lita moja ni ya lita moja kamili. Ukiipunguzia maji inazidi chumvi, na haifai.

FundiUmeme_Tabata

Kwao umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Plagi yao ina pini mbili nyembamba za bapa, wakati mwingine na ya tatu ya mviringo. Yetu ni pini tatu nene. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, haibadilishi volti hata moja. Hapa ndipo vitu vinapoungulia.

Chaja ya simu na ya kompyuta, soma maandishi madogo mgongoni. Ikiwa imeandikwa INPUT 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Draya ya nywele, pasi ya kunyooshea nywele, na kile cha kuzungushia nywele mara nyingi vimeandikwa 120V tu. Kifaa cha namna hiyo kikipewa 230 kinavuta karibu mara nne ya nguvu yake. Kinanuka, kinatoa moshi, fyuzi inakata, na ikiwa soketi ni ya kuungaunga nyumba nzima inakuwa gizani. Tena hutokea jioni ya kwanza hasa, kwa sababu mtu ametoka kuoga na anataka kukausha nywele. Mwandikieni aiache nyumbani. Transfoma ya kubeba draya ni nzito na ghali kuliko draya yenyewe. Kariakoo za 230 zipo tele.

Jingine, lile tundu la juu la soketi yetu lina kifunga ndani. Pini ndefu ya juu ndiyo inayofungua matundu mawili ya chini. Watu huchomeka kijiti au kalamu hapo juu ili plagi ya pini mbili iingie. Msimfundishe huo ujanja na kijana wa kidato cha nne asimwoneshe. Pini zao hazikazi, zinacheza, zinapiga cheche, na kijiti kikitoka vifunga vinabana pini nusu njia. Nunua adapta mbili nzuri kabla ya Jumamosi, moja ya chumbani na moja ya akiba.

Halafu angalia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, Jumamosi asubuhi. Uniti ziwe za kutosha hadi Jumatatu. Kuingiza tarakimu 20 saa nne usiku, tochi mdomoni, mgeni amesimama pembeni, si picha nzuri. Taa ya kuchaji iwekwe mezani kwake imejaa, aoneshwe swichi yake ilipo kabla umeme haujakatika.

MwalimuWaNgeli

Naongeza upande wa lugha. Kwa kuwa anakuja kusoma Kiswahili, jioni ya kwanza msimgeuzie nyumba yote iwe ya Kiingereza kupitia yule kijana, wala msimfanyie mtihani. Sentensi fupi, polepole, na vitu vinaoneshwa kwa mkono: hiki kitanda, hii neti, hili jagi. Makosa ya ngeli yapite. Rekebisheni yale yatakayomletea aibu nje tu.

La kwanza ni "nataka". Atasema "nataka maji", kwa sababu ndivyo lugha yake inavyomtuma, na Bibi atainua nyusi. Mpeni "naomba maji" hapohapo, litamfaa dukani, kwenye daladala na ofisini. La pili ni "pole". Mkimwambia "pole na safari" atadhani mnaomba radhi na ataanza kuwafariji ninyi. Mwambieni jibu lake ni "asante", au "nimeshapoa". La tatu ni "karibu" ya mezani. Mtu akishiba kwetu hasemi "hapana", anasema "nimeshiba, asante", na hata hivyo atakaribishwa tena mara mbili. Bibi naye aambiwe kwamba mgeni wa kwao akikataa mara moja amemaanisha, vinginevyo binti atakula sahani tatu kwa heshima na kuugua kwa shibe.

Shikamoo ameshafundishwa darasani, hilo msiwe na shaka, ila huenda akampa shikamoo mdogo wenu wa miaka sita. Msicheke sana.

Na saa! Kijana amwandikie karatasi yenye safu mbili, saa yetu na saa ya simu yake, aibandike mlangoni. Saa 2 usiku ni 20:00, saa 4 asubuhi ni 10:00. Wanaijua kanuni ya kutoa sita, lakini wakichoka hawaikumbuki, na Jumatatu ndipo mtu anapofika chuoni saa sita mapema au saa sita baadaye. Mwambieni pia kuhusu sauti za alfajiri: adhana kwenye saa 11 na kitu, majogoo, na muuza maandazi. Asiyeonywa anaamka akidhani kuna dharura.

MamaWatatu

Asanteni sana, nimesoma mpaka Baba watoto amekubali pilau ya Jumapili (wajomba wamenuna). Nimebakiza matatu. Moja, kuoga: nimchemshie maji au nimwache na ya simtanki? Mbili, laini ya simu, nimpe ile ya akiba iliyosajiliwa kwa jina langu? Tatu, hela: ataniuliza habari ya dola, nimjibu nini?

Mpokezi_Makongo

Laini usimpe. Imesajiliwa kwa kitambulisho chako na vidole vyako, litakalofanyika humo ni lako. Yake itasajiliwa kwa pasipoti na vidole vyake mwenyewe, kwenye duka la mtandao, Jumatatu bila haraka. Baadaye apige *106# aone ni namba zipi ziko kwa jina lake. Jumamosi kijana awashe intaneti ya simu yake, binti atume ujumbe kwao: "nimefika, niko nyumbani kwa wenyeji." Huo ujumbe utumwe kabla ya kuoga na kabla ya kula. Mama yake huko anafuatilia ndege kwenye simu na anajua ilitua saa ngapi. Mkichelewesha saa tatu, chuo kitaanza kupigiwa.

Hela, jioni ya kwanza hahitaji hata mia. Ila ni vizuri atoe shilingi kidogo kwenye mashine uwanjani, na mashine ikimuuliza kama anataka makato yahesabiwe kwa dola akatae, aruhusu shilingi. Kiwango cha ile ya dola huwa kinamuumiza. Noti yetu kubwa ni ya 10,000, kwa hiyo asishtuke na unene wa bunda. Dola zake akazibadilishe benki au duka la kubadilishia fedha. Madukani na kwenye teksi ni shilingi tu, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Habari za mchango wake wa chakula na malazi, hata kama chuo hakijawalipa, zisiguswe usiku huo.

Kuoga, mchemshie. Juni usiku Dar kuna kaubaridi, na maji ya simtanki ya jioni si yale ya mchana. Ndoo ya lita 20: mimina kwanza lita 8 za baridi, ndipo uongeze lita 2 zilizochemka sasa hivi, ukoroge. Inakuja kama digrii 40, ya mtu kujimwagia. Ukianza na ya moto chini, plastiki inalegea na mtu anachovya mkono kabla hujaongeza baridi. Usimwachie sufuria ya maji ya moto achanganye mwenyewe kwenye sakafu yenye utelezi. Kata iwe ndani ya ndoo, kandambili mlangoni, kanga au taulo mahali pakavu. Mwonesheni bila aibu na kwa vitendo: hapa unasimama, hapa unachota, maji yanaelekea kule. Choo vivyo hivyo. Mwonesheni kuflashi kwa ndoo maji yakikatika, ni kumwaga kwa nguvu mara moja, si kidogokidogo. Weka karatasi ya choo na ndoo ndogo ya taka yenye mfuniko, na mtoto wa kike mwenzake amwambie kwamba pedi haziingii chooni. Asipoambiwa hatauliza, na mwezi ujao mnaita gari la majitaka.

Mjumbe wako apewe taarifa leo kwamba kuna mgeni anakuja, nakala ya pasipoti mtaipeleka serikali ya mtaa Jumatatu. Mlinzi wa mtaa naye aambiwe.

Nesi_wa_Zamu

Ongezeni funguo. Nyumba za Sinza zina nondo madirishani na geti la chuma mlango wa mbele, usiku vinafungwa kwa kufuli, na funguo ziko chini ya mto wa baba mwenye nyumba. Mgeni yuko macho saa nane usiku, umeme umekatika, hajui pa kutokea. Funguo ya akiba itundikwe kwenye msumari ndani, mbali na dirisha lakini anapopafikia. Kabla ya kulala afungue kufuli mwenyewe mara moja na kuifunga, huku mtu anamwangalia. Kufuli nyingi zina namna yake, kuna ile mpaka uibane kidogo ndipo funguo inazunguka, na hiyo huwezi kuigundua gizani.